Kifuniko Alichokiziba Babu Yako

Mume wangu mdogo Idi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Zinga hatujambo, na mama yako kamaliza kuvuna mihogo. Hivi kweli unaniuliza mimi, bibi kizee, kwa nini chensoo yako, huo msumeno wa injini, haiwaki tangu uitengeneze mwenyewe?

Mwaka nilioolewa, tajiri mmoja wa mbao alimpa babu yako chensoo mbovu, akamwahidi kazi ikiwaka. Babu yako alikuwa kalafati, fundi wa kuziba nyufa za mashua. Alipoona petroli inavuja kwenye kifuniko cha tangi, akakishindilia pamba na nta. Chensoo ikanguruma kidogo, ikazima, ikagoma kabisa. Akafungua plagi, akasafisha kabureta, akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Kifuniko hakukigusa, maana hiyo ilikuwa kazi ya mkono wake.

Mimi nilikuwa pembeni namimina mafuta ya taa. Debe likagoma kutoa, nikalitoboa tundu la pili la kuingiza hewa, yakatiririka. Babu yako akanikodolea macho.

"Lahaula! Kumbe nimeiziba pumzi!"

Akachukua sindano yangu, akazibua katundu ka kuingiza hewa kwenye kifuniko. Ikawaka.

Basi na wewe anza kutazama pale ulipopashika mwisho. Mwenzio babu yako hakusahau. Mpaka Mungu anamchukua, kila nikinuna alikuja kuketi kando yangu, akaniuliza polepole, "Mke wangu, leo nimeziba wapi?"

Bibi yako,
Mwanahawa