Muziki Ndani ya Eda

Jumanne, 1 Oktoba 2002
Hamood amekuja na mfuko kutoka duka la muziki la Madinat Sultan Qaboos. Baba yake aliagiza sidii tatu za mwimbaji Denny Carrow kabla hajaugua. Ni zile santuri za ujana wetu, zimetolewa upya, mbili mbili katika sidii moja. Zimefika, na mwenyewe yuko kaburini. Nikamwambia azirudishe — nyumba hii ina eda.
"Mama, nyimbo hizi zinapigwa hata kwenye lifti za hoteli."
Nikamwambia aziweke kabatini na aache mzaha.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimezitoa kabatini. Kutazama tu. Picha ya Carrow jaladani ni ile ile: sweta ya manjano, mkono mfukoni. Maelezo ya nyuma yana makosa mawili ya alama za uandishi. Niliyaona mara moja, nikajidai kwamba nilizifungua kwa ajili hiyo.

Jumamosi, 5 Oktoba
Leo nimezipiga. Basi, nimeandika. Pauline, mtumishi wetu, alikuwa anapiga pasi. Ndiye aliyenionyesha kitufe. Sauti chini kabisa. Wimbo wa tatu, pale fidla zinapoingia, marehemu mume wangu Suud alikuwa akifuatisha kwa kuguna, siku zote nyuma kidogo ya mpigo. Nikamsubiri aingie.
Nikalia. Tangu msiba nilikuwa nikilia mbele ya wageni tu, kwa adabu. Pauline akaendelea na pasi bila kugeuka.

Jumatatu, 7 Oktoba
Sasa nazipiga kila siku, baada ya alasiri. Mimi! Kheiria, wifi yangu, alipokaa eda yake nilimwamuru afunike televisheni kwa shuka. Akaifunika mpaka siku ya mwisho. Nilikuwa nikienda kukagua.

Jumatano, 9 Oktoba
Kheiria amekuja kutoka kwake Ghubra bila kupiga simu. Carrow alikuwa katikati ya wimbo. Akasimama mlangoni, bado na abaya yake.
"Nani huyu anapiga muziki nyumbani kwa ndugu yangu?"
Nikasema: "Pauline."
Jina lilinitoka kabla sijafikiri. La, si kweli. Nilifikiri.
Pauline akazima. "Samahani, Mama," akasema — akiniangalia mimi, si Kheiria.
"Hivi huna haya, we?" Kheiria akamgeukia. "Mama wa watu yumo edani, wewe unajipigia nyimbo za kizungu!" Kisha kwangu, kwa upole: "Pole, wifi yangu. Unavyojitahidi wewe."
Pole hiyo nimeipokea. Nikamshukuru.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kheiria amempigia Hamood simu. Jumamosi Hamood atamrudisha Pauline kwa wakala aliyemleta, naye atapandishwa ndege arudi kwao. Nikamwambia asifanye haraka, kosa lenyewe dogo. "Mama, watu watasema nini juu yako?" Swali hilo nilikuwa nalo tangu jana.
Nikamfuata Pauline jikoni. Kwa nini hakusema kweli? Alikuwa anachambua mchele.
"Ningesema nini, Mama? Ukishasema ni mimi, basi ni mimi." Akachambua kidogo. "Lakini tafadhali, ongea na Hamood. Hii kazi naihitaji, wewe unajua."
Nikasema nitaongea. Mchana umepita. Jioni imepita. Sikuongea.

Jumamosi, 12 Oktoba
Wako sebuleni. Kheiria amekuja kushuhudia. Ninamsikia kupitia mlango akimwambia Hamood kwamba mama yake ndiye aliyewafunza wanawake wa ukoo huu kukaa eda, na kwamba wanawake kama mimi hawazaliwi tena. Begi la Pauline liko kizingitini.
Sentensi yangu iko tayari. Ni fupi: muziki niliupiga mimi. Nimeisema humu chumbani, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti. Inasemeka.
Hamood ananiita. Pauline anataka kuniaga.
"Nnakuja," nimejibu.
Sasa Pauline mwenyewe anagonga, taratibu. Mama, tunaenda.
Nimesema asubiri kidogo. Bado ninaandika.