Sashe Moja kwa Mifuko Mitatu

Yaya Hamisi, kaka yangu mkubwa,

Tumerudi Rugenge. Nyumba imesimama, ila mlango wa nyuma waporaji waliubeba, na madaftari yako ya shimi, yale ya kufundishia kemia, waliwashia moto. Mke wako amerudi na watoto kutoka ng'ambo, Burundi. Yule wenu mdogo sasa anajua kusoma.

Nakuandikia juu ya ile siku ya Mutarule. Sikuwahi kukuambia.

Tulifika pale tumechoka, tumezikimbia risasi za mjini, tukapewa darasa moja la shule pamoja na familia za bondeni. Maji yalikuwa ya mfereji wa mpunga tu. Kisha likaja boksi la ile mifuko ya kusafishia maji, watu wakaicheka. Weye ukasimama ubaoni kama vile ni wanafunzi wako. Mfuko una vyumba viwili, katikati iko ngozi nyembamba. Huku unaweka unga mtamu wa sashe, kile kipakiti kidogo, kule maji machafu. "Maji inafuata utamu," ulisema. "Vidudu vinabaki nyuma."

Bibi mmoja Mrundi akauliza mbona yanakuja polepole hivyo. Ukamweleza: utamu ukiwa hafifu, maji hayana haraka. Yakiwa baridi, yanachelewa. Tope likiganda kwenye ngozi, njia inaziba. Ukatuonyesha kuyachuja kwanza kwa kitenge, kuanika mfuko juani, kuutikisa kila mara ili utamu usififie pale karibu na ngozi.

Minye, mdogo wako, ukanipa kazi ya kugawa sashe.

Yaya, watu walikuwa wengi kuliko sashe. Labda ilikuwa huruma, labda ni aibu ya kumwambia muntu kwamba zimeisha. Niligawa sashe moja kwa mifuko mitatu. Nilidhani ni kama sukari kwenye chai, utamu utapungua, basi. Kufika saa sita mchana mifuko ilikuwa bado imelegea, ndani maji ya kulamba tu. Watoto walilia hadi sauti zikakauka.

Ulichukua mfuko mmoja ukaonja. Ukanitazama. Halafu ukawaambia watu wote, "Tope imeziba ngozi. Mfereji wa leo iko muchafu sana."

Lakini maji yale niliyachuja mwenyewe, mara mbili. Na weye uliniona.

Mfuko wetu tu ndio ulijaa, kwa sababu uliutengeneza kwa mkono wako, kwa sashe nzima. Ukampa mama mwenye mapacha. Alasiri nikakukuta umeinama mferejini, unakunywa kwa kiganja. Nilipiga kelele. Ukasema, "Kidogo tu, koo imekauka."

Kesho yake kolera, kipindupindu, ilikushika. Kituo cha seromu, yale maji ya kutundikiwa mshipani, kilikuwa mbali na barabara imefungwa. Nilikukanda miguu ikikakamaa, macho yako yakazama nikiyaangalia. Ulipokata roho, hata maji safi ya kukuosha hatukuwa nayo, Yaya. Tulikutayamamisha kwa udongo, minye na mzee mmoja aliyejua dua. Wakatoliki wa bondeni walisimama nyuma yetu, wamevua kofia.

Tangu hapo mke wako anawaambia wageni, "Mwalimu muzima, kwenda kunywa maji ya mfereji! Ametutupa kwa uzembe." Nami niliendelea kumimina chai.

Jana asubuhi tulikuwa tunafua. Nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya povu, kisha akauliza neno moja tu: "Alijua ni weye?"

Nikasema alijua.

Akakamua shati la mtoto, akalianika. Hajanisemesha tangu hapo. Ila leo nimemsikia akimwambia mdogo, "Baba yako hakuwa muzembe." Ni mara ya kwanza.

Watu wa misaada wameniomba nifundishe ile mifuko kwa wakimbizi waliofika kutoka Bijombo. Nimekubali. Wakiniuliza kwa nini sashe moja haigawanywi kwa mifuko mitatu, sitasingizia tope. Nitataja jina langu.

Lala salama, kaka yangu. Barabara ikifunguka nitamleta mkeo hadi pale ulipolala, hata kama tutatembea njia nzima bila kusemeshana.

Mdogo wako,
Zaina