Majibu ya Damu ya Kidoti

Chumba cha Ushonaji,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Shemeji naye, kazi zinakwendaje? Sisi tu wazima. Mwanao Kidoti ni mzima pia, yuko chini ya meza ya cherehani anapanga vifungo. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Siku ile uliyopiga simu nikakwambia amelala, nilikudanganya. Alikuwa wodini.

Mteja alimpa biskuti. Nilikuwa napinda sare za shule, sikuuliza ina nini ndani. Kumbe ina karanga. Kufumba na kufumbua midomo ikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikawa ya kuvuta kwa nguvu. Jirani yetu fundi viatu alimkwapua tukakimbia naye hospitali. Wakamchoma sindano ya paja. Nilihesabu pumzi zake moja moja mpaka rangi ikamrudia.

Hofu ikaniingia mifupani. Bila kumuuliza daktari nikampeleka maabara, nikasema mpimeni damu kwa kila chakula. Majibu yakaja: karanga, mayai, maziwa, ngano, vyote vimewekewa alama ya mzio. Nikaviondoa vyote. Miezi miwili mtoto ni wali na maharage tu, hata sketi yake nikaipunguza kiuno mara mbili kwa mikono yangu mwenyewe.

Daktari wa watoto alipomwona akaniuliza, "Mayai alikuwa anakula kabla?"

"Karibu kila asubuhi."

"Yakamdhuru?"

"Hata siku moja."

"Basi, mama, damu inaonyesha mwili wake umeyatambua mayai. Haithibitishi kwamba yanamdhuru. Tutampa hapa hapa, kidogo kidogo, sindano ikiwa tayari."

Nilitaka nimbebe nitoroke. Nesi akampa kipande cha yai kama punje ya mchele. Tukangoja. Akaongeza kidogo. Tukangoja tena. Kidoti akaniambia, "Mama mkubwa, usinitazame mdomo, nashindwa kutafuna." Nikageukia ukutani. Akalimaliza yai zima, akaomba chumvi.

Maziwa na ngano vitafuata, kimoja kimoja, pale pale hospitali. Karanga, hapana. Hizo, damu na siku ile vimesema neno moja. Sindano ya dharura haitoki mkobani mwangu, na fundi viatu naye ameshajua kuichoma.

Bado naogopa, mdogo wangu. Mtu akimpa kitu mkononi, moyo unanilipuka. Mama yetu sijamwambia. Nawe nyamaza kwanza mpaka nijipe moyo.

Uliniachia mtoto mzima. Ukitaka kuja kumchukua sitakuzuia. Ila siku utakayofika, kabla hujamkumbatia, utakaa kwenye kiti changu nikufundishe kuichoma ile sindano.

Nisalimie shemeji, na binamu yetu dereva. Mungu akutunze huko, na huyu amtunze hapa.

Wako akupendaye, na leo akuogopaye,
Dada yako