Sufuria ya Akina Mama wa Makambi

Baba,

Tangu tukulaze kaburini huko Pap Onditi ni miezi saba, na hii ndiyo mara ya kwanza nimeweza kushika kalamu bila kuilowesha karatasi. Nimeilowesha kidogo tu. Unisamehe hapo wino ulipotawanyika.

Nakuandikia nikiwa soko la Kibuye, kwenye kibanda chetu, nimekalia kile kigoda ulichokuwa ukinifukuza nisikikalie. Mengi yamebadilika. Yule Mhindi wa duka la vyombo amefunga, amehamia Uingereza, na kabla ya kuondoka mkewe aliniletea karai moja na vikaango vinne vya chuma kizito, vyote vimeliwa na kutu. Wazungu wa Koru nao wanazidi kuuza mashamba, na wapishi wao wananiletea masufuria waliyoachiwa. Kazi ipo, Baba. Ni nyingi kuliko enzi zako. Nasema hivyo kukuchokoza, najua ungebisha.

Unakumbuka walivyokucheka ulipostaafu karakana ya reli? Eti mwanaume mzima anashinda akisugua sufuria kama mwali. Ulikuwa ukiwajibu, "Nyinyi leteni tu, mtacheka mkishashiba." Nami nikitoka shule nasugua kando yako kwa mchanga wa ziwa na msasa, vidole vyeusi hadi mwalimu akadhani siogi. Ulinifundisha kugonga chuma na kusikiliza: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Ulinifundisha kupaka mafuta kidogo, kuyafuta kana kwamba nilikosea kuyapaka, kisha kukiinamisha chombo juu ya makaa mpaka moshi ukome, na kurudia hivyo mara nne, mara tano, hadi chuma kiwe cheusi tii. Na kabla sijafungua kopo lolote la mafuta: "Uliza kwanza nani atakula."

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda, Baba. Acha nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine huko.

Matanga yalipokwisha, Baba Mdogo alisema fundi amekufa na kazi imekufa. Nyundo zako, brashi za waya, kila kitu, akataka kumuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. "Msichana ataolewa," akasema mbele ya watu wote. "Ataenda na kazi yetu kwa watu wengine?" Nikamsihi sana. Mwishowe akakubali nimalize chombo kimoja kilichokuwa kimebaki, ile sufuria kubwa ya miguu mitatu ya akina mama wanaoshika Sabato, wanayoipikia kwenye makambi, ile mikutano yao ya ibada ya kila mwaka. Wakiridhika, vifaa vibaki kwangu. Wakilalamika, Jumapili anakuja na mkokoteni.

Niliisugua siku nne. Mafuta ya simsim yalikuwa yamekwisha, nikaliona lile kopo la mafuta ya nguruwe uliloletewa na mpishi wa Koru, ulilokuwa ukipakia vyombo vya Wazungu peke yake. Nilifikiria tu vile yanavyong'arisha. Nikapaka mara tano. Watu ambao hata samaki wasio na magamba, kamongo na mumi, hawagusi, sembuse nguruwe, Baba! Wewe ulikuwa na kopo lao kando, na nilijua.

Alhamisi akaja Mama Dorka, kiongozi wao, na wenzake watano. Aliinama akajiona uso ndani ya sufuria, akapiga makofi. "Yawa, nyar fundi! Binti ya fundi, hii imekuwa mpya kabisa!" Hapo ndipo nilipokumbuka nani atakula. Hakuna aliyejua. Harufu ilikuwa imekwisha ungua. Ningenyamaza, vifaa vyako vingebaki kwangu siku hiyohiyo. Nilikuona, Baba. Sikukuona kwa ndoto, nilikuona tu ulivyokuwa ukimtazama mtu akitaka kukudanganya. Nikasema, "Mama, nimepaka mafuta ya nguruwe."

Mmoja alisema sufuria itupwe ziwani. Mwingine akasema ndugu ya marehemu alikuwa na haki kutaka kuuza vifaa. Mama Dorka alikaa chini kwenye gunia, akaniuliza: "Moto inaweza toa hiyo kitu yote?" Nikamwambia unaweza, ila chuma nacho kinaweza kupasuka, na kesho jua likitua Sabato imeingia. "Basi kesho washa mapema. Sisi tutakaa hapa tuone."

Ijumaa niliwasha alfajiri. Nilianza na moto mdogo, nikauzungusha pande zote kama ulivyokuwa ukifanya ili chuma kipate joto sawasawa, na ndoo ya maji nikaipeleka mbali nisije nikashawishika kuipoza haraka ikapasuka. Akina mama walikaa wakiimba nyimbo zao. Ule weusi wote wa siku nne uliungua ukawa majivu. Kisha kukawa na kungoja sufuria ipoe yenyewe, na hapo nilitamani kukimbia. Ilipopoa, ilikuwa ya kijivu tupu, kama siku ilipomiminwa. Nikagonga.

Ililia, Baba! Ililia hadi muuza mitumba wa upande wa pili akageuka. Mama Dorka mwenyewe ndiye aliyefungua kopo la simsim, alilokuja nalo kutoka kwake. Nikapaka na kuunguza mara nne, na mkokoteni wao ukaondoka nayo jua likiwa bado juu ya ziwa.

Habari za nguruwe zilimfikia Baba Mdogo, na Jumapili alipokuja na mkokoteni alikuta Mama Dorka ameshatangulia. "Huyu mtoto angenyamaza, sisi tungekula na hatungejua," alimwambia. "Sufuria yetu haiendi kwa mtu mwingine." Baba Mdogo aligeuza mkokoteni wake mtupu. Kosa lilikuwa langu na bado linaniuma, lakini najivuna. Najivuna kwamba ni wewe uliyenilea.

Wiki iliyopita Baba Mdogo alirudi, peke yake, na kikaango cha mkewe amekifunga kwa gazeti. Kutu tupu. Alisimama nje, akatazama kulia na kushoto, halafu akauliza kama fundi yupo. Nikamwambia yupo, aingie.

Oriti, kwaheri Baba. Lala salama huko nyumbani. Krismasi nitakuja kufyeka majani kaburini na kumpikia Mama. Nakuahidi kazi hii haitauzwa nikiwa hai. Na atakayetaka kunioa ajue mapema: ng'ombe wa mahari awapeleke kwa Baba Mdogo, lakini brashi za waya tunahama nazo pamoja.

Mimi binti yako,
Fundi Akinyi