Mwalimu Aliyeshuka Kibirizi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Buzebazeba hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeuliza kwa nini marehemu babu yako alimpenda yule mwanafikra wa Mapinduzi ya Ufaransa unayemsoma chuoni.

Tulipokimbia vita Kongo kuja huku, babu yako alibaki kizuizini kwa kuwafundisha watu haki zao. Tulishamlilia kama maiti. Asubuhi moja akashuka kwenye boti pale bandarini Kibirizi, amekonda, anacheka. Nilimshika uso, siamini.

"Ulivumiliaje?"

"Nilimkumbuka yule mwandishi wa Mapinduzi ya Ufaransa. Aliyatetea mapinduzi, kisha wanamapinduzi wenzake wakamfunga kwa kupinga mfalme kuuawa. Akaponea chupuchupu. Alipotoka, aliendelea kutetea haki za wote, hata waliomfunga."

Nilidhani atapumzika kwanza. Kesho yake akawakusanya watoto wa wakimbizi, akaanza kufundisha. Nikamnong'oneza, "Yule binti aliyekaa nyuma, baba yake ndiye askari aliyekufunga."

"Najua," akasema. "Mwambie asogee mbele, haoni ubao vizuri."

Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, Neema. Nilijua mume wangu amerudi mzima.

Ule vizuri huko.

Bibi yako, Zawadi