Mizizi Iliyosuguliwa

Jinja, Jumanne, Mei 1996

Inang'aa! Mizizi ya maharagwe inang'aa kama vijiko vya wageni. Nimefungua mfuko pale maabara, haina hata chembe ya udongo.

Nilichotaka ni ule ute unaotengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Tunataka kupima kama unaweza kuzuia mafuta ya kula yasiharibike upesi. Lakini mama mkwe, aliyeing'oa shambani kwake Wanale, mlimani juu ya Mbale, ameisugua yote ikatakata.

Namono, mke wangu, ndiye aliyeileta kutoka Mbale. Nilipomfokea akajibu, "Mama alisema, 'Mimi nimtumie mkwe matope? Ataniona mtu wa namna gani?'"

Sasa nitamlaumu vipi? Mama mkwe ambaye, kwa mila, hata salamu tunapeana kwa mbali, yeye akiangalia kando. Na kosa ni langu. Niliagiza mizizi, sikusema ije na udongo wake.

Mkuu wa maabara anataka majibu Ijumaa. Nikishindwa, kazi hii atapewa mwingine, na mimi nitarudi kuosha chupa. Naogopa, basi.

Halafu, tukiwa tunakula, Namono akacheka. "Mama alilalamika kwamba mizizi yako inateleza kama kambare. Aliisugua mara tatu ndipo utelezi ukatoka."

Mara tatu! Kumbe ute upo, tena mwingi.

Kesho Namono anarudi Wanale. Nimemsihi amwambie mama yake vizuri, kwa heshima zote: mkwe anaomba matope.