Sahani ya Tano

Ifakara, 9 Machi 2025

Dada Restituta,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti, ingawa goti lenyewe limechakaa kwa kuinamia televisheni za watu. Sisi huku tunapumua. Wifi yako Oliva anakusalimu, na mvua inanyesha kama ina kisasi na Ifakara yote. Hofu yetu ni hilo koo lako. Nesi Balbina ameniambia kwa simu kwamba sauti imekwisha kabisa, na ile karatasi ya kuja hospitali ya huku umeilalia chini ya godoro wiki ya sita sasa. Dada, karatasi ya daktari si yai. Ukiilalia haitotoi.

Njoo. Ndugu yako najulikana: fundi wa televisheni, redio na ving'amuzi kuanzia Kidatu hadi hapo Mlimba, mtu niliyefika Kapiri Mposhi kwa treni na kurudi na viatu vyote viwili. Manesi wakisikia "dada yake Nazari" watakupangusia kiti.

Jana nimeletewa televisheni ya chogo, inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, pacha wa ile ya katekista Teofili kule kwetu Mchombe. Nikaiangalia kama nimekutana na marehemu wetu. Unakumbuka vile vipindi vya mwaka 2001? Yule bwana wa mapishi aliyeunguza wali kila Jumapili mpaka wakamwondoa? Ile chemsha bongo ya wiki nne, mshindi anapewa ndoo, na mfuniko hupati mpaka ushinde fainali? Nimevitafuta kwenye simu usiulize, hakuna hata kivuli. Vilikufa kabla ya kuota meno. Ila mfalme wao ni Sahani ya Tano. Wiki saba tu, dada! Yule mama wa kota za reli, nyumbani wanakula wanne, yeye anaandaa sahani tano, moja ya mtoto aliyeondoka. Mpaka leo nikiona sahani tupu naijaza.

Njoo tukumbushane. Wewe utaandika, mimi nitaongea ya watu wawili, kazi niliyoizoea.

Mdogo wako,
Nazari


Mlimba, 21 Machi 2025

Mdogo wangu Nazari,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Amedeus, konda wa basi, ikinuka dizeli. Mimi nipo. Uji unapita, ugali umegoma. Mpunga umenifika magotini na sina wa kuupalilia.

Sahani ya Tano nitaisahau vipi? Ile sehemu ya mwisho sikuiona, nilikuwa shambani, juu ya dungu, naamia ndege wasile mpunga. Ni wewe uliyenisimulia, na umerudia kila Krismasi: hodi ikabishwa, mama akaruka, kanga ikabaki kwenye kiti, komeo likafunguka kabla ya hodi ya pili. Mtoto akakuta ugali bado unatoa moshi.

Salvatory wangu ana miaka sita tangu aondoke. Sahani yake iko mezani. Nikilazwa huko, akaja akakuta kufuli, atasema nini? Yule mama angekuwa hospitali siku ile, kipindi kingeishaje? Usinishawishi, Nazari. Nisalimie Oliva.

Dada yako,
Restituta


Ifakara, 26 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani, na Oliva amenigusa shingo kuona kama nina homa.

Sehemu ya mwisho haikuwahi kuonekana Mchombe. Unajua mimi ndiye niliyekuwa napeleka betri ya Teofili kuchajiwa Ifakara, juu ya lori la mpunga. Jumamosi ile nilifika nikasikia banda la video linaonyesha karate. Nikasema, moja tu, halafu nipeleke betri. Nikaingia nayo, nikaikalia kama kigoda. Karate tatu, dada! Nilipotoka, fundi wa kuchaji keshafunga. Nikarudi na betri ile ile, nikaipangusa vumbi ing'ae, nikaikabidhi.

Jumapili watu wamejaa kwa katekista. Hodi ikabishwa kweli. Mama akainuka kweli. Mkono ukaenda kwenye komeo, na picha ikaanza kusinyaa toka pembeni, ikasinyaa, ikawa kitone kimoja cheupe katikati ya kioo. Kikazimika. Wiki iliyofuata wakaweka mpira. Yote niliyokusimulia, kanga, moshi wa ugali, nilitunga njiani nikija dunguni kwako, maana niliona aibu.

Kwa hiyo hakuna mama aliyefungua. Usimfuate. Njoo utibiwe.

Mdogo wako mwongo,
Nazari


Mlimba, 4 Mei 2025

Nazari,

Marahaba. Najua umemsumbua Amedeus kila basi likiingia. Mkono nao umeanza kuchoka, ndiyo sababu nimechelewa kujibu.

Usijilaumu, nilijua. Siku ya tatu tu Teofili alipita chini ya dungu langu akikulaani wewe na betri yako, mpaka ndege wakaruka wenyewe. Ulipokuja na hadithi yako nilinyamaza. Ulikuwa unasimulia vizuri, na uso wako ulikuwa wa mtu anayeomba.

Sikufungwa na uongo wako. Kinachonifunga sijamwambia hata padre.

Salvatory alirudi. Wiki mbili tu baada ya ule ugomvi, aliposema mbele ya watu kwamba mimi si mama. Ilikuwa asubuhi, mvua, kabla ya kengele ya kanisa. Akabisha hodi. Nikamjua kwa kikohozi. Akabisha ya pili. Akasema, "Mama, ni mimi." Akabisha ya tatu. Nikajifunika shuka usoni, nikasema moyoni, abishe ya nne ndipo nifungue.

Hakubisha ya nne.

Na wewe kila Krismasi unanisimulia mama mwenye miguu myepesi, watu wanacheka, na mimi nacheka.

Nangoja hodi ya nne. Nikija huko, atafungua nani?

Dada yako


Ifakara, 6 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa.

Atafungua Nazari.

Banda nimelifunga. Televisheni za watu zimelala chali, wenyewe watazame kuku. Nakuja na basi la Alhamisi, nitakaa kwako, wewe utapanda hilo hilo likigeuza. Oliva atakupokea stendi. Sahani nitaiandaa mimi. Goti ni bovu, lakini kwa hodi hiyo nitaruka meza, niliruka uzio wa forodha Nakonde nikiwa na begi.

Safari hii betri imejaa, dada.

Nazari


Ifakara, wodini, 19 Mei 2025

Mdogo wangu,

Hujambo na nyumba yangu? Wamenikata kinyama cha kupima. Hapa ukutani kuna televisheni isiyo na sauti, tunaelewana. Oliva hatoki kando yangu.

Sahani ioshwe kila siku, hata kama haikuliwa. Je, kuna mtu?

Dada


Mlimba, 23 Mei 2025

Dada,

Shikamoo, na pole ya kisu. Sahani inaoshwa mpaka maua yameanza kufutika.

Watu wapo. Jumatatu mama mmoja aliomba moto, nikafungua kwa kasi akaangusha kijinga chake. Jumatano mtu wa zaka. Jana Amedeus na barua yako. Hakuna hata mmoja aliyefikisha hodi ya pili. Mlimba wanasema kwa Restituta amehamia mwehu. Waseme.

Yeye bado. Kunywa uji, unisubiri.

Nazari


Mlimba, 2 Juni 2025
(karatasi iliyopigiliwa mlangoni)

Mpwa wangu Salvatory,

Hujambo, popote unapotoka? Umekonda? Ungekuja nikiwepo ningekutania kwanza.

Oliva amepiga simu leo asubuhi. Naondoka na basi kumchukua mama yako. Tutamzika Mchombe, pembeni ya bibi yako. Ukikuta karatasi hii imeshapauka, nenda huko, uliza kwa katekista, kaburi utaonyeshwa.

Nisikilize. Asubuhi ile ya mvua mama yako alikusikia, zote tatu. Hakufungua, na hakulala vizuri tena. Nilipompakia kwenye basi aliniandikia kiganjani kwa kalamu, mwambie nilikuwa macho. Ndiyo nakuambia.

Mimi nilikaa hapa siku ishirini na tano nikingoja hodi yako, mimi ambaye sijawahi kukaa mahali siku tatu bila kudai nimeanzisha mji. Sahani yako imeoshwa, iko upande wa dirisha.

Kabla ya kutoka nimefanya kazi ya ufundi. Nimeng'oa komeo, na misumari yake nimeitupa chooni. Mlango huu haufungwi tena na mtu.

Usibishe hodi. Sukuma tu.

Mjomba wako,
Nazari